Mafuta Yaliyobaki Mikononi

Machi 4

Nesi wa kliniki ya ngozi kanipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. Niandike kila siku binti yangu amekula nini, kaogeshwa na sabuni gani, kapakwa nini, kajikuna wakati gani. "Msimu huu mmoja tu, mama, halafu tutajua kinachomchokoza." Nikamwambia mimi ni msusi, vidole vyangu vina kazi nyingine. Akanisukumia kalamu. Basi nimenunua daftari. Siwezi kuandika habari za ngozi bila kuandika habari za watu walioivaa, kwa hiyo atanisamehe.

Mtoto ana miaka miwili na nusu. Pumu ya ngozi anayo tangu ananyonya: nyuma ya magoti, ndani ya viwiko, shingoni, mashavuni. Jina analo, lakini hapa nyumbani hakuna anayelikumbuka. Mama mkwe wangu alimpokea siku ya kwanza akasema, "Huyu kaja kuninyang'anya mume," na mume mwenyewe ni marehemu. Tangu hapo ni Mke Mwenza, hata kwa majirani.

Kala uji na ndizi, mchana wali na yai. Sabuni isiyo na manukato. Kajikuna jua lilipokuwa kali. Kapakwa marhamu ya kliniki asubuhi.

Ng'ombe mpya kaingia leo, sasa wako sita. Mume wangu kamnunua kwa mtu anayehama. Ni mweusi, ana baka jeupe usoni, tumemwita Doa. Mama mkwe kamzunguka, kainama chini ya kiwele, kasema, "Maziwa anayo. Ila aliyemuuza alikuwa mvivu wa mafuta, tazama chuchu zilivyoota magamba." Mkamuaji wetu tunamwita Mluzi, kwa sababu ng'ombe wa nyumba hii hawatoi maziwa bila mluzi wake. Naye kachungulia. "Magamba haya siyapendi, mama."

"Hukuombwa kuyapenda. Lete kopo."

Hilo kopo la mafuta ya kukamulia ni moja kwa ng'ombe wote, linakaa juu ya tofali mlangoni mwa banda. Unachovya vidole viwili, unakamua, unachovya tena, unahamia kwa mwingine. Maji hayagusi mkono mpaka ng'ombe wa mwisho aishe, maana mama mkwe anaamini maji ndiyo yanayopasua chuchu. Wanakamua wawili, Mluzi na yeye, na yeye akimaliza, mafuta yaliyobaki mikononi hayaoshi. Anakuja nayo hadi kibarazani ninaposukia wateja, Mke Mwenza ananyoosha miguu, na bibi anampaka kuanzia nyayo hadi magoti, kisha mikono, kisha mashavu. Wanawe wote saba aliwapaka hivyo. Mume wangu ana ngozi ya kung'aa mpaka wateja wangu wanamwonea wivu, kwa hiyo mimi ni nani nibishe. Mtoto anacheka, mimi nasuka, siku inaisha.

Machi 6

Mvua imeanza rasmi. Kala viazi. Kajikuna kidogo. Marhamu ya kliniki.

Machi 9

Doa kampiga Mluzi teke la paja, na ndoo nzima ikamwagika. Mluzi anasema chuchu zinamuuma, si ukorofi. Mama mkwe anasema ng'ombe mgeni huwa anapima wenyeji, akakaa mwenyewe akamkamua hadi tone la mwisho, huku Doa anatetemeka ngozi. Yule mama ana mikono. Hilo nampa, ingawa mengine mengi simpi. Juzi kaniambia mbele ya mteja kwamba nasuka vizuri kuliko ninavyopika.

Mtoto ngozi yake leo imelainika hata nimeshangaa. Nimeandika ili nesi afurahi.

Machi 13

Ng'ombe wawili zaidi wana malengelenge kwenye chuchu. Mluzi naye anayo, matatu kwenye vidole vya mkono wa kulia na moja kifundoni. Yamevimba, katikati yamebonyea, yana rangi ya maziwa yaliyoganda. Kanionesha kibarazani, na mteja wangu kahamisha kiti. Nikamwambia aende akafunge kitambaa, ananifukuzia watu.

"Nimeyatoa kwa Doa," akasema.

"Au Doa kayatoa kwako," nikamjibu. Nilikuwa natania, nusu.

Machi 15

Mvua, mvua, mvua. Uani ni tope tupu. Uji, ndizi. Marhamu.

Machi 18

Mke Mwenza kaamka na joto. Hakutaka uji. Nyuma ya magoti, pale pumu yake inapokaa siku zote, kuna vipele vipya ambavyo sivijui. Pumu yake mimi naijua kama ninavyojua nywele za wateja wangu: ni nyekundu, ni kavu, inapasuka. Hii ina maji ndani.

Nimempaka marhamu mara mbili. Jioni bibi yake kampaka na mashavu ili alale vizuri.

Machi 19

Zahanati. Tabibu kamtazama akiwa amesimama, mkono mmoja mlangoni. "Tetekuwanga. Itapita yenyewe." Kanipa dawa ya joto, na krimu ya kupunguza muwasho. Nikamuuliza mbona vipele viko pale tu penye pumu, havipo tumboni? Kasema kila mtoto na tetekuwanga yake.

Nimerudi nimelowa hadi mgongoni, mtoto nimemfunika kwa mfuko wa nailoni.

Machi 21

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimefunua shuka na sikumtambua mwanangu. Sisemi kwa kutia chumvi. Mashavu yote mawili yamejaa malengelenge yaliyoshikana, hakuna ngozi kati yake. Yote ni ya ukubwa mmoja, yote yamebonyea katikati, kama mtu kakaa akayapanga. Shingo imevimba hadi kidevu kimepotea. Jicho la kushoto limefumba. Miguu kuanzia magotini sitaiandika. Aliponiona alisema "mama" kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, na mimi, mama yake, nilirudi nyuma hatua moja. Nilirudi nyuma. Halafu ndipo nikamnyanyua.

Nikatoka naye hadi uani kumwita baba yake, na wa kwanza niliyemwona ni Mluzi, anabeba majani, vitambaa vimemlegea mikononi. Nikayaona tena yale malengelenge yake. Ni yaleyale, pacha wa yale ya mwanangu. Hapo nikapandwa na kitu ambacho sikijui.

"Umeniletea nini nyumbani kwangu?"

Mluzi kamtazama mtoto, majani yakamtoka. "Mama, mimi mtoto sijamgusa. Haki ya Mungu tangu nipate haya sijamgusa."

"Umemgusa. Umegusa ndoo, umegusa mlango, umegusa kila kitu. Kabla hujaja hapa ulikuwa unalala wapi, na nani?" Nikasema na mengine ambayo daftari hili halihitaji.

Akajitetea kwamba ameyatoa kwa Doa, kwamba alisema tangu mwanzo. Ndipo mama mkwe akatoka bandani, akasimama ubavuni kwangu, akanyoosha mikono yake miwili mbele ya Mluzi. "Mimi nakamua ng'ombe walewale, kopo lilelile, mbona mikono yangu mizima? Sema." Mikono ilikuwa mizima kweli, haina hata mkwaruzo. Mluzi akaitazama. Akachukua shati lake msumarini akaondoka kwenye mvua, bila mluzi.

Nikiri: sijawahi kumpenda mama mkwe kama dakika ile.

Mume wangu katupakia kwenye pikipiki, mtoto katikati. Tuko hospitali kubwa. Wamemlaza.

Machi 22

Wamemtenga kwenye chumba cha peke yake, mwisho wa korido. Mlango una karatasi nyekundu. Wote wanaoingia wanavaa glavu, barakoa na majoho ya plastiki, isipokuwa mimi, kwa sababu mimi nimeshamshika sana hata haina maana, ndivyo alivyosema muuguzi, naye hakukusudia ubaya. Dripu mkono wa kulia. Wamesema ile krimu ya zahanati isimguse tena. Hali wala hanywi.

Machi 24

Daktari wa watoto ni mwanamke mfupi, anaongea taratibu kama anasomea watu imla. Kasema, "Si tetekuwanga. Nimechukua maji ya lengelenge, nimepeleka maabara." Akauliza kama tunafuga. Ng'ombe, nikasema. Akaacha kuandika.

Daktari wa mifugo alikuwa nyumbani mchana huo huo. Mume wangu anasema kachukua magamba ya chuchu za Doa kwa kibano, akayatia kwenye kichupa. Maziwa yote yanamwagwa. Mama mkwe kamfuata nyuma akimlalamikia ndoo hadi ndoo.

Machi 25

Joto halishuki. Kope ya kushoto imejaa. Wanaogopa jicho. Mimi naogopa kila kitu.

Machi 26

Leo daktari kaita familia nzima. Tumekaa kwenye chumba kidogo chenye viti vya plastiki na kalenda ya mwaka juzi: mimi, mume wangu, mama mkwe aliyevaa nguo yake ya kutokea. Nitaandika kama ilivyokuwa, maana nikilala nikiamka nitadhani nimeota.

Daktari kaanza na mimi. Mtoto alikuwa anapakwa nini? Nikamjibu bila kusita: marhamu ya kliniki, nimeandika kila siku, hakuna kingine. Niliamini ninachokisema.

Kisha kamgeukia mama mkwe. "Bibi, unakamua?"

"Tangu sijavunja ungo."

"Na wewe hukupata hata kipele?"

"Mikono hii hapa." Akainyoosha kwa fahari, kama alivyomnyooshea Mluzi.

Daktari hakuitazama sana. Akamwomba, kwa heshima zake, afunue bega la kushoto. Mama mkwe akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama dirishani, basi akashusha nguo. Alama ile mimi naijua, nilimwogesha alipoumwa mgongo. Ni duara la ukubwa wa kifungo cha shati, limebonyea, lina vimistari.

"Ya chanjo ya ndui hiyo," akasema. "Tulipangwa foleni shuleni. Nililia wiki nzima, mkono ulivimba hivi."

"Ndiyo," akasema daktari. "Na ndiyo maana mikono yako ni mizima."

Akatueleza. Nimemwelewa vizuri, na natamani nisingemwelewa. Zamani kulikuwa na ndui, ugonjwa uliomaliza watu majumbani na waliopona wakabaki na mashimo usoni au vipofu. Chanjo yake haikuwa dawa ya maji tu, ilikuwa kirusi kizima, kinachoishi, jamaa wa ndui ya ng'ombe, ambacho ni kipole kuliko ndui yenyewe. Walikikwaruza begani, kinatoa kidonda kimoja, kidonda kinapona, na mwili umejifunza. Kwa kirusi hicho ndui ilifutika dunia nzima, na chanjo ikaachwa, ndiyo maana mimi na mume wangu mabega yetu hayana alama hiyo. Lakini kirusi cha chanjo hakikuondoka chote. Kuna mahali kiliingia kwa ng'ombe, kikabaki huko, kinatoka chuchu hadi chuchu. Ndicho alichokuja nacho Doa. Maabara wamekikuta kwenye magamba yake na kwenye shavu la mwanangu, kilekile.

"Kwa mtu mwenye ngozi nzima, kama mkamuaji wenu, ni malengelenge machache na homa," daktari akasema. "Lakini mtoto mwenye pumu ya ngozi, ngozi yake haina mlango. Hata enzi zile watoto kama huyu hawakuchanjwa, na aliyechanjwa alikatazwa kuwakaribia mpaka kidonda kipone."

Nikauliza, "Dawa iliyookoa watu wote hao ndiyo inayomla mwanangu?"

"Kirusi ni hichohicho, mama. Ndiyo."

Mume wangu ndiye aliyeuliza, kilimfikiaje mtoto? Mluzi kaapa hakumgusa.

Daktari akamgeukia tena mama mkwe. "Bibi, ukimaliza ng'ombe wa mwisho, unafanya nini? Nioneshe tu, usiseme."

Mama mkwe akacheka kidogo, kaona haya. Akainama kwenye kiti, akakamua hewa, ile namna yake, kidole gumba ndani. Akachovya vidole viwili kwenye kopo lisilokuwepo. Akakamua tena. Akasimama kidogo, akasugua viganja. Akakaa. Mikono ikashuka ikatafuta miguu ya mtoto, ikaanzia chini penye nyayo, ikapanda, ikazunguka magoti, ikapita nyuma ya magoti, pale hasa, ikaja kwenye viwiko. Ikainuka kwenye mashavu. Hapo ikasimama hewani.

Nilisikia gari la chakula likipita koridoni.

Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa, au labda wa kwanza. Aliitazama mikono yake, safi, laini, haina hata kipele, akaiteremsha taratibu akaificha chini ya mapaja. Na mimi jioni zote zile nilikuwa nimekaa palepale, nasuka.

Machi 27

Nimemwambia. Koridoni, mbele ya watu. Nimemwambia, "Mama, umeniulia mtoto." Mume wangu kanishika mkono nikamsukuma. Mama mkwe kasimama ukutani, mikono kwapani, mpaka wakati wa kuona wagonjwa ulipoisha, kisha kaondoka kwa miguu kwenye mvua, na mwanawe ana pikipiki.

Sijutii. Naandika sijutii.

Machi 28

Kuna dawa. Haipo hapa, iko ghala la nje ya nchi, daktari kaagiza kwa simu na kwa barua na kwa kugombana, nimemsikia akigombana. Itakuja kwa ndege mvua ikiruhusu.

Mvua hairuhusu.

Machi 29

Kidole gumba changu cha kulia kina lengelenge. Nimelitambua kabla halijajaa. Muuguzi kaniambia nisiguse macho yangu wala mtu yeyote, nikae humuhumu wodini. Nikamwambia sina pengine pa kwenda.

Mtoto kaacha kujikuna. Zamani ningefurahi. Sasa namwomba, jikune, mama, jikune kidogo nikuone.

Machi 30

Mke Mwenza hakufungua hata jicho la kulia leo.

Machi 31

Mume wangu kaja dirishani, haruhusiwi kuingia. Tumeongea kwa simu tukitazamana kwenye kioo. Nikamuuliza yule mama yuko wapi, sikumtaja kwa jina la heshima. Kasema analala kwenye stoo ya pumba. Kalitupa kopo chooni. Anajiosha mikono kwa sabuni ya kufulia na brashi ya ndoo, anajiosha hadi inatoka damu, akikauka anarudia. Kasema, "Naogopa nitawapoteza wawili."

Nilitaka kumwambia sijali. Sikuweza kulisema lote.

Aprili 2

Dawa imefika. Vidonge, muuguzi anavifungua, anachanganya unga na maziwa kidogo, anampa kwa bomba lisilo na sindano. Maziwa. Nimecheka, muuguzi kadhani nimerukwa na akili.

Aprili 3

Hakuna kitu.

Aprili 4

Hakuna kitu. Daktari anasema hakuna jipya ni habari njema. Huyu mwanamke hajui kufariji watu, lakini sasa namwamini kuliko wanaojua.

Aprili 6

Joto limeshuka. Nimeweka shavu langu tumboni kwake pale penye ngozi nzima na tumbo lilikuwa baridi, nikapiga kelele nikadhani ndiyo basi. Wauguzi wamekimbia. Kumbe ni baridi ya kawaida ya mtoto aliyepoa. Wamenigombeza wote, hata mfagiaji.

Mchana kafungua jicho la kulia. Kanitazama mimi, kisha kautazama mlango. Kasema neno moja. "Bibi."

Nimetoka nikasimama koridoni, kwenye ukuta uleule aliosimama yeye.

Aprili 12

Magamba yanadondoka. Jicho la kushoto linaona. Kope imevutika kidogo, itabaki hivyo. Mashavu yatakuwa na mashimo. Daktari kayataja yote bila kupunguza, mimi nimeyapokea yote, mtoto anapumua.

Kidole changu nacho gamba limetoka. Limeacha alama, duara dogo lililobonyea. Daktari kaligeuza kwenye mwanga. "Hongera. Na wewe sasa umechanjwa, bila hata foleni." Ni mara ya kwanza namwona akitania. Nimetazama ile alama, na nilijua nimeiona wapi.

Aprili 20

Tumerudi nyumbani. Mvua bado, lakini ya kupumzika. Banda limepakwa chokaa. Kila ng'ombe ana kikombe chake cha mafuta, na kuna ndoo ya maji ya sabuni kati ya ng'ombe na ng'ombe, amri ya daktari wa mifugo. Mume wangu anasema mama yake anaifuata bila ubishi hata mmoja. Hilo limenishtua kuliko chokaa.

Hakuja kumpokea mtoto. Nimemwona kwa mbali mlangoni mwa stoo, mikono ameifunga ndani ya kitambaa kama anayeuguza moto.

Aprili 25

Nimemfuata Mluzi. Nilimkuta kwenye karakana ya matairi, vidole vimepona, vina alama tatu na ile ya kifundoni. Nikamwambia maneno yangu yalikuwa machafu na hayakuwa kweli. Kafikiri kidogo. "Mtoto?" Mzima. "Basi." Kurudi hataki, kasema matairi hayapigi mateke. Nilipogeuka kuondoka nikamsikia anapiga mluzi.

Aprili 29

Kala uji, ndizi, na nusu ya chakula changu. Kajikuna kawaida. Sikujua neno kawaida ni tamu hivi.

Wateja wamerudi wawili. Wanamtazama mtoto halafu wanatazama pembeni. Nawasuka kwa kubana.

Mei 5

Leo mvua haikunyesha. Nilikuwa kibarazani, kichwa cha mteja nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Ng'ombe wa mwisho akaisha, nikasikia ndoo, nikasikia maji, maji mengi, yule mama anaosha na kuosha. Kisha akatoka bandani ili apite nyuma ya nyumba kwenda stoo, kama anavyopita siku zote sasa asitukaribie.

Mke Mwenza akaweka chini kichana changu alichokuwa anakichezea. Akashuka ngazi kwa makalio, akavuka uani, akakaa katikati ya njia mbele ya bibi yake, palepale kwenye tope lililokauka. Akanyoosha miguu miwili yenye mabaka.

"Paka," akasema.

Mama mkwe akasimama, mikono ndani ya kitambaa. "Bibi hana mafuta, mke mwenzangu."

"Anayo. Paka."

"Inuka uende kwa mama yako. Nenda, nakuomba."

Mtoto hakuinuka. Alingoja tu, miguu mbele, anatazama juu na lile jicho lililovutika. Yule mama akaanza kutikisika mabega bila sauti, na hakuweza kumruka wala kurudi bandani.

Nilimwomba mteja anisubiri. Nilichukua beseni, sabuni isiyo na manukato, kopo jipya la marhamu ya kliniki. Nilipofika nikamfungua kile kitambaa. Sikutegemea nilichokikuta. Mikono ile niliyokuwa naionea wivu ilikuwa imepasuka yote, viganja ni vidonda, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama. Hata mikono ya Mluzi haikufikia hapo. Nilipiga magoti nikaiosha, kidole kimoja kimoja, taratibu maana ilimuuma, nikaikausha kwa gauni langu. Nikachota marhamu kwa kidole gumba, nikaipaka kwanza mikono yake mwenyewe. Nikachota tena, nikamwekea kiganjani.

"Mpake, Mama."

"Mwanangu, na nikimdhuru tena?"

"Mpake. Mimi nimekaa hapa, natazama."

Alianza na nyayo. Alikuwa anatetemeka hata marhamu ikadondoka chini, nikamwongezea. Akapanda hadi magotini, nyuma ya magoti, akasimama, akanitazama, nikamwambia aendelee. Alipofika mashavuni Mke Mwenza akafumba macho yote mawili, lile moja halifumbi vizuri, akacheka.

Mteja akaita kutoka kibarazani, anataka kujua kama atatembea mjini na nusu kichwa. Nikamwambia angoje.

Kala wali na yai. Sabuni isiyo na manukato. Hakujikuna jioni. Kapakwa marhamu ya kliniki, na bibi yake.